Siku Berlion Alipomkata Kichwa Aurene

Habari zilimkuta Berlion akiwa na mikono yote miwili ndani ya tumbo la ng'ombe. Mkewe Mermette alishuka mbio kutoka darajani, kitambaa cha kichwa kimemlegea hadi shingoni, akaanza kupiga kelele kabla hajafika.

"Baba Oudine! Wamempa! Wamempa mtoto!"

"Wamempa nini? Nani kampa?"

"Aurene! Padre Ponson kasema Oudine ndiye atakayekuwa Aurene!"

Berlion alitoa mikono, akaipangusa kwenye aproni, akatafuta mahali pa kukaa, akakalia gogo lake la kukatia nyama. Tangu arithi duka lile kwa babake hakuwahi kulikalia.

Tauni ilipopita bondeni ikizoa watu kijiji kwa kijiji, kisha ikauruka mji wa Montorel kama mtu anayeruka dimbwi, wakubwa wa mji walipiga magoti kanisani wakaweka nadhiri. Pentekoste ikifika, wangeyaonyesha uwanjani maisha ya shahidi wao Aurene, mwanzo hadi mwisho, kwa gharama ya mji. Mkasa wenyewe hakuna aliyekuwa haujui. Aurene alikuwa binti wa mkulima wa mizabibu, zamani za makaisari wa Roma. Alikataa kuchoma ubani mbele ya sanamu. Liwali akamtia katika mafuta yanayochemka, mafuta yakapoa. Akamtupia simba, simba wakamlamba miguu. Mwisho akaamuru akatwe kichwa, na pale kichwa kilipoangukia ikabubujika chemchemi ambayo wanawake wa Montorel wanachota maji yake mpaka leo, wakigombania zamu.

Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwa Kilatini katika kitabu kinene cha kanisani. Kila mwaka sikukuu ya Aurene ilipofika kilisomwa kwa sauti, na mtaa mzima wa wachinjaji ulisikiliza kwa heshima bila kuambulia neno. Majira yale ya baridi ndipo Padre Ponson alipojifungia nyumbani kwake na chungu cha makaa, akakigeuza kitabu kuwa Kifaransa cha watu, mashairi yenye vina, kila mtu na maneno yake ya kusema. Kilichobaki kilikuwa kumpata wa kuyasema.

"Sasa yeye alifikaje huko?" Berlion aliuliza. "Nani alimwita?"

"Nani amwite? Kajiita mwenyewe. Kanawa mikono kwa siki, kavaa gauni la Jumapili, kaniambia, mama nisindikize. Nikadhani tunakwenda kuungama." Mermette aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavuta pumzi. "Wasichana wa wauza vitambaa walikuwa wamejipanga pale ukumbini. Mmoja akaziba pua. Oudine akampita kama hajamwona. Padre akamwambia, haya, nisemee yale Aurene anayomjibu Liwali. Akayasema yote."

"Aliyajuaje?"

"Kumbe kila padre alipowasomea madiwani, mwanao alikuwa nje ya dirisha na kikapu cha mafuta ya mishumaa. Alipomaliza, padre hakusema vizuri, hakusema vibaya. Alisema tu, rudia. Akarudia. Akasema, rudia tena. Mara hiyo ya mwisho, mume wangu, nilimtazama usoni, nikajua hamsahihishi. Alitaka tu kusikia."

Berlion aliinuka, akamrudia ng'ombe wake, akashika kisu. Akakiweka chini, akaanza kucheka peke yake.

*

Furaha hiyo haikukaa. Siku chache baadaye diwani Falque alishuka mtaa wa wachinjaji akifuatana na madiwani wenzake wawili, wamenyanyua kanzu zao zisiguse tope. Falque alikuwa muuza vitambaa, mtu mrefu wa sauti nzito, na ndiye aliyechukua nafasi ya Liwali katika mchezo, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kujishonea mavazi ya Liwali. Mkewe Catelane alikuwa amekwisha kukata hariri nyeupe kwa ajili ya binti yao wenyewe.

"Berlion, tumekaa kikao," alisema.

"Karibuni. Simameni hapo, pamekauka."

"Padre kang'ang'ania binti yako. Anasema yeye akiondolewa, naye anaondoa maandishi yake. Basi. Mji hautaki ugomvi na padre wake, na nadhiri ni nadhiri. Lakini kuna jambo limebaki. Yule mwenye upanga, wa kumkata Aurene kichwa, bado hatujampata."

"Mtampata. Watu ni wengi."

"Tumeshampata." Falque alitabasamu kidogo. "Nani mwingine hapa mjini ana mkono wa kazi hiyo?"

Diwani wa pili, mfupi, akashindwa kujizuia. "Baba achinje, binti achinjwe. Kazi inabaki nyumbani!"

Kwenye duka la jirani mtu alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko. Berlion alihisi masikio yanawaka. Tangu siku ile ya habari njema alikuwa amejipangia kila kitu. Mermette alikwisha kulitoa sandukuni koti lake la kijani, likaanikwa. Angekaa kwenye viti vya mbele pamoja na wageni wa mji, mikono juu ya magoti, na watu wangeulizana, yule nani? Nao wangejibiwa, yule ndiye baba wa Aurene. Mwenye upanga hapigiwi makofi na mtu. Kila penye michezo ya namna hii, mwenye upanga ndiye anayetupiwa kabichi zilizooza, na kuna mji mmoja kule chini ya mto ambako wanawake walimfukuza mtu wao mpaka majini, na hadi anazeeka watoto walimwita Muua Watakatifu.

"Nikikataa?"

"Hakuna wa kukulazimisha," Falque alisema. "Ila watu watasema, huyu binti yake kapewa heshima yote ile, naye hataki hata kuusaidia mji."

Wakaondoka, kanzu zimenyanyuliwa vilevile.

*

Jioni Berlion aliikalia supu ya kabichi mpaka mafuta yakaganda juu.

"Siendi," alisema.

"Umechinja tangu ndevu hazijakuota," Mermette alisema, "leo waona haya upanga wa kuazima?"

"Kuchinja ng'ombe ni kazi. Nalisha watu. Kumchinja mtakatifu mbele ya bonde zima, halafu mtakatifu mwenyewe mwanangu, hilo ni tusi, na wamelifunga kwa utepe ili nilipokee nikicheka. Hukumwona yule mfupi! Siendi."

Oudine alikuwa akivunja kokwa za mti wa jozi kwa kisigino cha kisu, moja moja, bila haraka. Alikuwa msichana mwembamba, mweusi wa nywele kama mamake, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka watu wasahau kwamba yupo.

"Baba, unajua ukikataa watamweka nani?"

"Wamweke wanayemtaka."

"Watamweka mpwa wa Falque. Yule anayeanza kunywa asubuhi." Alikula kipande cha jozi. "Upanga ni wa kweli, baba. Wameufanya butu, lakini chuma ni chuma. Napiga magoti nyuma ya gogo, naweka shingo. Nikisema Amina, ubao unashuka nami chini, na kichwa cha nta kinaachwa mahali pangu. Upanga unapita hapo hapo. Mtu akiwahi kidogo tu, sifiki chini mzima."

Berlion alimtazama.

"Sitaki shingo yangu iwe chini ya mkono wa mtu mwingine," Oudine alisema.

"Si ungesema hivyo toka mwanzo?"

"Nilikuwa nangoja hasira ziishe. Huwa husikii."

Mermette akaugeuzia ukuta uso wake ili asionekane anacheka. Berlion akavuta bakuli, akala supu yake baridi yote, akaomba nyingine.

*

Kesho yake alikwenda kwa Padre Ponson kuuliza maneno yake. Alijua kwamba kila mtu kwenye mchezo amepewa mistari, hata mashetani, hata mwenye kumtembeza ngamia wa mbao.

"Wewe huna maneno," padre alisema. Alikuwa mzee mnene wa mashavu mekundu, vidole vimejaa wino. "Kitabu kimekutaja mara moja tu. Kinasema: Ndipo mwenye upanga, mtu mkatili, akampiga."

"Mkatili? Nani kasema?"

"Aliyeandika."

"Alikuwapo?"

Padre alicheka. "Hapana, Berlion. Alizaliwa watu wote hao wamekwisha kuwa mavumbi."

"Sasa alijuaje?"

"Nimevisoma vitabu vya mashahidi vingi kuliko ninavyokumbuka. Mashahidi wote ni watamu wa maneno, maliwali wote wana hasira, na wenye upanga wote ni wakatili. Ndivyo vinavyoandikwa."

"Sawa. Mimi nitapanda, nitapiga, nitashuka," Berlion alisema akivaa kofia. "Huo ukatili muutafute wenyewe."

Mazoezi yalifanyika katika ghala la zaka, siku baada ya siku, mpaka panya wa humo ndani nadhani waliyajua mashairi. Kazi ya Berlion ilikuwa dakika chache za mwisho, lakini alikuwa akifika mapema na kukaa juu ya gunia, aproni yake imekunjwa mapajani, akisikiliza. Alidhani anamjua mtoto wake. Yule aliyekuwa akisimama pale kati na kumjibu Falque, neno kwa neno, kidevu juu, hakumjua kabisa. Falque akinguruma, yeye alishusha sauti. Akishusha Falque, yeye aliipandisha. Kuna siku Falque alisahau mistari yake akiwa katikati ya kumtisha, na Oudine akamkumbushia kwa upole, kisha akaendelea kutishwa.

Mtaa wa wachinjaji ukapagawa. Kila mwenye duka alikuwa na shairi mdomoni. Wanawake waliokuwa wakijaza soseji waligawana maneno, mmoja Aurene, mwingine Liwali, mwingine malaika, na ukipita na njaa zako kuomba nusu ratili ya utumbo unaambiwa, "Ondoka mbele yangu, mtumwa wa sanamu!" Catelane alipokataa kuitoa ile hariri, akidai imekwisha kuliwa na nondo, mtaa haukumwomba mara ya pili. Wake wa wachinjaji walinunua kitani kizuri cheupe, wakakaa mlango kwa mlango wakishona, wakiwa wamenawa mikono mpaka viwiko, na mtoto aliyekaribia na kidole kichafu alipata kofi.

Berlion mwenyewe alichagua ng'ombe dume wa kutoa damu ya kutia katika kibofu kilichofichwa ndani ya shingo ya nta. Alichagua bora kuliko wote aliowauza Pasaka nzima. Mermette alimwuliza damu ya ng'ombe mbaya ina rangi gani tofauti. Akasema hiyo si hoja.

*

Siku ya Pentekoste uwanja ulijaa mpaka juu ya mapaa. Watu walikuwa wameteremka kutoka milimani na jibini zao na watoto migongoni, wengine walilala pale pale ili wasikose mahali. Upande mmoja wa jukwaa ilikuwa mbingu, na malaika wameninginia kwa kamba wakijaribu kutotapika. Upande wa pili ilikuwa jehanamu, kinywa kikubwa cha turubai kinachotoa moshi. Nyuma ya taya la jehanamu ndipo Berlion alipongojea zamu yake, kavaa kofia nyekundu ya kufunika uso hadi puani, upanga kati ya magoti, pembeni yake shetani mmoja anakula kitunguu.

Hakuona mengi. Alisikia. Alisikia sauti ya Oudine ikitoka kwanza kama inatafuta njia, kisha ikaipata, ikaenda mpaka ukutani mwa kanisa na kurudi. Alisikia uwanja mzima unavuta pumzi mafuta yalipopoa. Alisikia simba, ambao walikuwa watengeneza ngozi wawili ndani ya manyoya, wakinguruma na kisha kulia kama paka. Ndipo Falque, kwa sauti ya Liwali, akauliza swali ambalo maliwali wote huuliza katika mikasa hii:

"Wewe unayejibu wakubwa, u binti wa nani? Ukoo wako ni upi?"

Padre Ponson alikuwa ameliandika jibu akimfikiria yule mkulima wa mizabibu wa zamani. Berlion alikuwa amelisikia ghalani mara nyingi. Lakini pale ghalani Oudine alikuwa akilisema akimtazama Falque. Sasa shetani aliyechungulia nje akamwambia Berlion kwa mnong'ono, "Kageukia upande wa daraja. Anawatazama watu wa kwenu."

"Mimi ni binti wa mtu anayekula kwa kazi ya mikono yake," Oudine alisema, "na sijawahi kumwonea haya."

Kelele iliyotoka upande wa daraja iliwashtua njiwa wote wa mnara. Wachinjaji walikuwa wakipiga visu vyao kwenye vyuma vya kunolea, kwa mdundo mmoja, na wanawake wao wanapiga vigelegele, mpaka ikabidi malaika Gabrieli aombe kimya kutoka juu. Nyuma ya taya la jehanamu Berlion alijifanya anakaza mkanda. Shetani akampa kipande cha kitunguu, ili kama machozi yakionekana pawe na sababu.

Zamu yake ikafika.

Alipotokeza tu, uwanja ulizomea. Kabichi ya kwanza ilimpita, ya pili ikampiga begani, kitu laini ambacho hakutaka kukijua kikampiga kwenye paji la uso. "Mnyama!" mwanamke alipiga kelele. "Huna mama wewe?" Berlion aliendelea kutembea. Alikuwa amejiandaa kwa hayo. Alifika kwenye gogo, akasimama mguu huku, mguu huku, kama alivyofundishwa.

Oudine alipiga magoti. Akaomba sala ya mwisho ya Aurene, ndefu, kwa ajili ya mji, na wajawazito, na wasafiri, na wote watakaomkumbuka. Kisha akainama, akaweka shingo kwenye gogo, na kwa mkono mmoja akazikusanya nywele zake nyuma na kuzitupa upande wa bega la kushoto.

Kwenye mazoezi alikuwa akivaa kitambaa kichwani, hakuwa na nywele za kuondoa. Na ndivyo alivyokuwa akifanya tangu mdogo, asubuhi, Mermette alipotaka kumfunga ushanga wa ubatizo: anainama, anazikusanya, anazitupa kushoto. Berlion aliiona shingo nyeupe pale kwenye gogo, na mfupa mdogo uliochomoza chini ya ngozi, ambao mkono wake ulikuwa unaujua kwa wanyama wote.

Aliinua upanga. Ukakaa juu. Hakujua umekaa muda gani. Kisha mikono yenyewe ikaushusha, polepole, ncha ikagusa mbao za jukwaa.

Watu wakacheka kwanza, wakidhani kasahau. Kisha wakaacha kucheka.

"Mpige!" Falque alisema. Hayo yalikuwamo kwenye maandishi. Berlion hakusogea. "Nimesema mpige!" Hayo hayakuwamo. Falque aliinuka kwenye kiti chake cha enzi, uso umemwiva, akihofia mchezo kuharibika, akapayuka: "Piga, we mchinja ng'ombe! Piga!"

Jina lile lilianguka uwanjani kama sahani. Kila mtu wa Montorel alijua ni Liwali aliyeanza kusema na ni Falque aliyemaliza.

Oudine aliinua kichwa kutoka kwenye gogo. Hakuna aliyemfundisha yale. Alimtazama Falque juu ya kiti chake na kusema kwa sauti ileile ya Aurene, bila vina:

"Mwache. Hakungoji wewe. Ananingoja mimi."

Kisha akamgeukia yule mtu wa kofia nyekundu.

Berlion hakuwa amepewa neno hata moja la kusema. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba waliokuwa juu ya mapaa walisikia. Mahali fulani kati ya wageni wa milimani mwanamke aliuliza, "Kamwitaje?" na sauti nyingine, ya mtu wa mji, ikamjibu, "Ni babake. Babake mzazi." Habari ikapita safu kwa safu hadi nyuma, ni babake, ni babake, na popote ilipopita wanaume walivua kofia. Mwanamke aliyekuwa na kabichi mkononi aliinama akaiweka chini.

"Nimeshakusamehe," Oudine alisema. "Piga, baba. Niko tayari."

Akaweka shingo. Akasema Amina.

Berlion alipiga. Upanga ulizama katika gogo, damu ya yule ng'ombe bora ikaruka, kichwa cha nta kikaviringika, na maji yakachupa kutoka chini ya jukwaa kwa mrija wa madini ya risasi, juu, meupe, yakawalowesha madiwani waliokaa mbele. Uwanja mzima ulipiga magoti. Haukuamriwa. Lakini Berlion alikuwa amesimama tu, mikono kwenye mpini, hajui kama Oudine amefika chini mzima. Alikiona kichwa kule, akaliona gogo hapa, na kwa muda huo mfupi alikuwa ndiye yule mtu mwenyewe, wa zamani zile, aliyeifanya kazi hiyo kweli.

Ndipo chini ya nyayo zake mbao ziligongwa. Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Mguu wake ulijibu wenyewe: akagonga kwa kisigino. Kutoka chini kikasikika kicheko kidogo, kikazibwa kwa kiganja.

*

Nyuma ya jehanamu Padre Ponson alimfikia akiwa amelowa jasho kana kwamba ndiye aliyeshika upanga.

"Yale maneno! Nani kakufundisha?"

"Nani anifundishe? Yalitoka."

"Nitayaandika. Yataingia hivyohivyo, kusita kwako na kila kitu, na jibu lake. Miji mingine ikiazima maandishi yangu itayakuta humo."

"Andika," Berlion alisema. "Lakini usiandike kwamba alikuwa mkatili."

Padre alimtazama, akaipangusa pua yake kwa mkono wenye wino. "Hapana," alisema. "Sidhani kama nitaweza tena."

Falque naye alikuja, taji la Liwali kwapani. Bila kile kiti alionekana mtu wa kawaida aliyechoka. Alisimama kidogo akitafuta mahali pa kuweka macho.

"Nimekutukana mbele za watu," alisema.

"Ulikuwa Liwali."

Falque aliwaza. Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa mbele yake, wazi kabisa, na alikuwa muungwana kiasi cha kutoipita mbio. "Hapo mwishoni sikuwa," alisema. Akainamisha kichwa, akaenda zake. Berlion hakumpenda zaidi kuanzia siku hiyo, lakini hakumsema vibaya tena.

Kengele zikaanza. Sanduku la mifupa ya Aurene lilitolewa kanisani, na wachezaji wote, katika mavazi yao, walipangwa kulifuata kupitia mjini. Oudine aliwekwa mbele kabisa, bega kwa bega na sanduku, kitani chake kina tone moja la damu ya ng'ombe pindoni ambalo wake wa wachinjaji walikataa katakata kulifuta. Malaika walifuata, kisha wafalme, kisha madiwani. Mpangaji wa maandamano, kijana wa kikundi cha wauza vitambaa, alimjia Berlion akiwa na wasiwasi.

"Mzee, samahani. Mahali pa mwenye upanga ni nyuma, pamoja na mashetani na wanyama. Lakini baada ya yale... ukitaka, naweza kuuliza..."

"Mashetani wako wapi?"

"Kule mwisho."

"Basi niko kule."

Akaenda mwisho. Mermette alimkuta huko, akamshika mkono mbele za watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi. Maandamano yakapinda kuingia mtaa wa daraja, ambao unapanda, na kwa sababu unapanda, wa nyuma wanaweza kuwaona wa mbele. Juu kabisa, kupita mabawa ya malaika na taji za wafalme na kofia za madiwani, kilionekana kichwa kidogo cheusi kinakwenda mbele, hakigeuki, na pande zote mbili watu wakipiga goti kinapopita.

"Yule pale," Berlion alimwambia simba aliyekuwa akitembea ubavuni mwake. "Mwanangu yule."

"Umeshatuambia," simba alisema kutoka ndani ya manyoya.

"Mbele kabisa. Unamwona?"

"Nina ngozi ya dubu machoni, bwana. Sioni hata miguu yangu."

"Basi nishike bega," Berlion alisema, "nami nitakuwa nakuelezea."